Magurudumu Manne Yanapovuta Mawili: Namna ya Kuutambua Ugonjwa wa Pikapu Kuukuu

Katika Bonde la Kilombero, kama ilivyo katika sehemu nyingi za nchi yetu zenye udongo mweusi wa mbuga, mvua za masika huigeuza barabara ikawa tope zito linatalo kama ulimbo. Katika majira hayo pikapu iendeshwayo kwa magurudumu yote manne si chombo cha anasa. Ndiyo ipelekayo chanjo zahanati na mbegu kwa wakulima, na mara nyingine ndiyo imchukuayo mama mjamzito aliyeshikwa na uchungu usiku wa manane.

Mwandishi wa makala haya alipata kuiona pikapu moja ya namna hiyo, yenye umri wa zaidi ya miaka 25, imezama topeni kilometa chache tu kutoka zahanati iliyokuwa ikiingojea. Dereva alikuwa ameuvuta mkono mdogo wa gia hadi mahali pa magurudumu manne, na taa ndogo iliyo mbele yake ilikuwa imewaka kumhakikishia kwamba yote ni sawa. Lakini magurudumu ya mbele yalisimama kimya, ilhali gurudumu moja la nyuma lilizunguka bure na kurusha tope. Hatimaye gari lilikokotwa na jozi mbili za maksai. Siku chache baadaye gereji moja ya mjini ilitoa shauri kwamba difu ya mbele imekufa, sharti inunuliwe nyingine. Ikanunuliwa, ikafungwa, na ugonjwa ukabaki pale pale.

Ndipo lilipopelekwa kwa fundi mzee wa kijijini. Dereva alimwamkia, akamweleza kisa chote. Mzee akamwuliza swali moja tu: “Mwanangu, hizi habu mara ya mwisho zilifunguliwa lini?” Dereva hakujua. Fundi akafungua kifuniko cha habu ya kushoto, akakuta grisi iliyokauka na kuchanganyika na mchanga hata ikawa ngumu kama lami. Akaiosha kwa mafuta ya taa yasiyozidi nusu lita, akaipaka grisi mpya kidogo, akairudisha. Gari likavuta kwa magurudumu manne.

Fedha iliyonunua difu ile ingaliweza kununua matairi mapya. Kosa halikuwa katika mikono ya mafundi wa kwanza, kwani kazi ya kufunga difu waliifanya vizuri. Kosa lilikuwa katika utaratibu wa fikra: walitibu kabla ya kupima. Madhumuni ya makala haya ni kumweleza msomaji namna mfumo huu unavyofanya kazi, na jinsi awezavyo kuitafuta hitilafu hatua kwa hatua, akitumia jeki, spana chache na akili yake.

NGUVU HUSAFIRI KWA NJIA GANI?

Tuchukue mfano wa pikapu ya Toyota Hilux, kwa kuwa ni gari lijulikanalo sana. Hilux ya kwanza ilitengenezwa mwaka 1968, na ile yenye kuendeshwa kwa magurudumu manne ilianza kuuzwa mwaka 1979. Kizazi kilichotengenezwa tangu mwaka 1988 hadi 1997 kiliuzwa katika nchi nyingi kikiwa na mhimili mzima wa mbele na springi za mabamba, na magari hayo yangali yakionekana barabarani. Landrova na Land Cruiser za zamani zina tofauti zake, lakini kanuni tutakazozieleza zinafaa kwa magari mengi ya aina hiyo.

Nguvu hutoka katika injini, ikapita katika klachi na kuingia katika gia boksi. Nyuma ya gia boksi kuna kisanduku cha pili cha gia, ambacho mafundi hukiita transifa. Kazi yake ni kuigawa nguvu: sehemu moja huenda nyuma kwa njia ya propela ya nyuma, na nyingine huenda mbele kwa njia ya propela ya mbele. Kila propela huishia katika difu, na difu huigawa tena nguvu kwa ekseli ya kushoto na ya kulia. Upande wa mbele safari ni ndefu zaidi, kwa sababu magurudumu ya mbele hupaswa pia kukata kona. Kwa hiyo ekseli ya mbele ina kiungo kiwezacho kupinda huku kikizunguka, ambacho mafundi hukiita sivi. Mwisho kabisa, katikati ya gurudumu, ipo habu.

Mkono mdogo wa gia una alama nne. H2 maana yake ni magurudumu mawili ya nyuma kwa mwendo wa kawaida. H4 ni magurudumu manne kwa mwendo wa kawaida. N ni gia huru. L4 ni magurudumu manne kwa mwendo wa polepole wenye nguvu nyingi. Katika Hilux nyingi za miaka hiyo, L4 huiongeza nguvu ya kuzungusha kwa mara 2.28. Ikiwa gia ya kwanza huiongeza nguvu hiyo mara 4 hivi, na difu mara 4.56, basi katika H4 nguvu ya injini huongezeka mara 18 kabla ya kufika kwenye magurudumu, na katika L4 huongezeka mara 41. Mwendo nao hupungua kwa kiasi hicho hicho, kwani katika elimu ya mashine hakuna kipatikanacho bure.

Habu yastahili maelezo ya pekee, maana ndiyo isahauliwayo kuliko viungo vyote. Ni kifungo kilichoko katikati ya gurudumu la mbele, chenye kigeuzo cha kuzungushwa kwa vidole. Kikielekezwa kwenye neno la Kiingereza FREE, yaani huru, gurudumu huzunguka peke yake bila kuizungusha ekseli. Kikielekezwa kwenye LOCK, yaani funga, gurudumu na ekseli huwa kitu kimoja. Faida ya kuzifungua habu ni kwamba gari liendapo katika barabara nzuri, ekseli, difu na propela ya mbele hupumzika, na uchakavu hupungua. Mmarekani Arthur Warn alianza kutengeneza habu za namna hii mwaka 1948, kwa ajili ya magari ya Jeep yaliyobaki baada ya Vita Kuu ya Pili.

Sasa msomaji aweza kuona kwa nini taa ya pikapu yetu ilisema uongo bila kukusudia. Taa ile huwashwa na swichi iliyo kwenye transifa, nayo hutoa habari moja tu: kwamba mkono wa gia umefika mahali pake. Haijui lolote kuhusu propela, difu, sivi wala habu. Taa ikiwaka na gari lisivute, yafaa kutafuta mbele ya transifa. Taa isipowaka na gari likavuta, chunguza swichi, waya na balbu.

TABIA YA DIFU

Jambo la pili la kufahamu ni kwamba difu ya kawaida huzigawia ekseli zake mbili nguvu sawa ya kuzungusha, lakini haizilazimishi kuzunguka kwa mwendo ulio sawa. Hiyo ndiyo hekima yake, kwani gari likatapo kona gurudumu la nje hupita njia ndefu kuliko la ndani. Lakini hapo hapo ndipo ulipo udhaifu wake. Upande mmoja usipopata kitu cha kuukinza, upande wa pili nao hupata nguvu ndogo vile vile. Ndiyo sababu gurudumu moja la nyuma huzunguka bure topeni na mwenzake akatulia.

Kutokana na hayo twapata kanuni muhimu: habu moja tu ikikataa kufunga, magurudumu yote mawili ya mbele hukosa nguvu. Ekseli iliyo huru itazunguka bure ndani ya habu yake, na gurudumu zima la upande wa pili halitapata kitu. Dereva aonaye magurudumu yote mawili ya mbele yamesimama hudhani kwamba lazima chanzo ni kikubwa, mathalani difu au transifa. Kumbe huenda ni habu moja yenye grisi iliyokauka.

KABLA YA KUSHIKA SPANA

Upimaji huanza kwa kusikiliza. Muulize dereva: hitilafu ilianza ghafla au kidogo kidogo? Ilianza baada ya kuvuka mto, au baada ya kubadili matairi? Je, gari hukataa kuingia katika magurudumu manne, huingia lakini halivuti, au huingia na kukataa kutoka? Malalamiko haya matatu hufanana masikioni, lakini kila moja lina njia yake.

Yafaa pia kuhakikisha kwamba jambo linalolalamikiwa ni ugonjwa kweli. Madereva wengi hulalamika kwamba gari likiwa katika H4 kwenye lami usukani huwa mzito, matairi hulia, na mkono wa gia hukataa kurudi H2. Hiyo ni tabia ya asili ya magari haya, kwa kuwa transifa zake hazina difu ya katikati. Tufanye hesabu. Gari lenye urefu wa mita 2.8 kati ya mhimili wa mbele na wa nyuma likizunguka duara, na katikati ya mhimili wa nyuma ikapita umbali wa mita 6 kutoka kitovu cha duara, basi kwa kanuni ya Pythagoras katikati ya mhimili wa mbele itapita umbali wa mita 6.6. Katika mzunguko mmoja kamili, upande wa nyuma utakwenda mita 37.7 na upande wa mbele mita 41.6. Tofauti ni karibu mita 4, yaani zaidi ya mzunguko mmoja na nusu wa tairi.

Lakini transifa imezifunga propela zote mbili zizunguke sawa. Tofauti ile ya mita 4 itakwenda wapi? Juu ya tope au changarawe, matairi huteleza kidogo na mambo yakaisha. Juu ya lami kavu hayawezi kuteleza kwa urahisi, kwa hiyo ekseli na propela hujikaza kama kamba inayosokotwa, na meno ya transifa hubanana yasiweze kuachana. Dawa yake ni kunyoosha usukani na kurudi nyuma mita chache, na msokoto utafunguka. Dereva aliyefundishwa hayo hatapeleka gari zima gereji.

VIPIMO VITATU VYA MKONO

Vipimo vifuatavyo hufanywa injini ikiwa imezimwa, gari likiwa mahali tambarare na pagumu. Magurudumu yatakayobaki chini yazuiwe kwa mawe au magogo mbele na nyuma, na gari likishainuliwa liketishwe juu ya stendi imara, kwani jeki peke yake haitoshi kuaminiwa na mtu aliye chini ya gari. Tena isije ikawashwa injini na kutiwa gia katika magurudumu manne huku upande mmoja tu wa gari ukiwa umeinuliwa. Magurudumu yaliyobaki chini yatalisukuma gari, nalo litaanguka kutoka juu ya stendi. Watu wamekufa kwa namna hiyo.

Kipimo cha kwanza ni cha transifa. Gari likiwa chini kwa magurudumu yote manne, weka habu zote mbili katika FREE na mkono wa gia katika H2. Shika propela ya mbele kwa mkono uizungushe. Inapaswa kuzunguka, japo kwa uzito kidogo. Kisha weka H4. Ikibidi lisukume gari kidogo ili meno ya ndani yapate kuingiana. Sasa propela ya mbele isizunguke, isipokuwa ule mchezo mdogo wa kwenda na kurudi, kwa sababu imeungana na propela ya nyuma ambayo magurudumu yake yamezuiwa. Ikizunguka, transifa haishiki. Kabla ya kuifungua, chunguza viungo vya mkono wa gia, kwani bushi zake zikiisha mkono huonekana umefika ilhali ndani haujafika. Kinyume chake, propela ikikataa kuzunguka hata katika H2, inua magurudumu yote mawili ya mbele. Ikizunguka sasa pamoja nayo, basi habu ndizo zilizokataa kufunguka. Ikiwa bado imekaza, transifa imenasa.

Kipimo cha pili ni cha habu, ekseli na sivi. Inua magurudumu yote mawili ya mbele, weka transifa katika H4, na habu zote mbili katika LOCK. Kwa kuwa propela imezuiwa, ukilizungusha gurudumu la kushoto kwenda mbele, la kulia linapaswa kuzunguka kwenda nyuma. Likifanya hivyo, umezithibitisha habu mbili, ekseli mbili na sivi mbili kwa tendo moja lisilochukua hata dakika.

Gurudumu la kulia lisipozunguka, mnyororo umekatika mahali fulani. Fungua bolti za kifuniko cha habu ya kushoto ili uuone mwisho wa ekseli. Sasa zungusha gurudumu la kulia huku mwenzako akiutazama mwisho huo wa ekseli. Ukizunguka, upande wa kulia ni mzima, na hitilafu imo katika habu ya kushoto. Usipozunguka, fungua pia kifuniko cha kulia, kisha zungusha mwisho wa ekseli ya kushoto kwa mkono na kutazama ule wa kulia. Ukizunguka, ekseli na sivi ni nzima, na mwenye kosa ni habu ya kulia. Usipozunguka, ndipo uwezapo kusema kwa haki kwamba sivi, ekseli au difu imevunjika, na kwamba gharama ya kufungua ndani zaidi yastahili.

Kipimo cha tatu ni cha difu zenyewe, nacho ni cha lazima kwa gari lililowahi kubadilishiwa difu. Rudisha transifa katika H2, gia boksi iwe katika gia huru, na habu ziwe zimefungwa. Teremsha gurudumu moja la mbele, jingine libaki juu. Tia alama ya chaki kwenye propela ya mbele na kwenye tairi lililo juu, kisha lizungushe tairi hilo mara 20 huku ukihesabu mizunguko ya propela. Kwa sababu gurudumu la pili limesimama, mizunguko 20 ya gurudumu moja ni sawa na mizunguko 10 ya difu. Ukipata mizunguko 41 ya propela, uwiano wa difu ni 4.10. Ukipata mizunguko 45 na nusu hivi, uwiano ni 4.56. Propela isipozunguka kabisa, meno ya difu yamevunjika. Fanya vivyo hivyo nyuma, ukiwa umefungua breki ya mkono na kuyazuia vizuri magurudumu ya mbele.

Hesabu hizo mbili lazima zilingane. Zimekuwako pikapu zilizofungwa difu ya nyuma kutoka gari jingine, sura ikafanana na meno yakatofautiana. Gari la namna hiyo huenda vizuri kabisa katika H2, lakini kila liingiapo H4 mbele na nyuma hugombana mpaka kitu kivunjike. Matairi nayo yaweza kuleta ugomvi huo huo. Tairi jipya lenye kipenyo cha sentimeta 73 na tairi lililochakaa lenye sentimeta 71 hutofautiana kwa mizunguko 12 katika kila kilometa moja. Kwa hiyo matairi yote manne yawe ya kipimo kimoja na uchakavu unaokaribiana.

GARI LISEMAPO KWA SAUTI

Baadhi ya magonjwa hujulikana kwa sikio. Sauti ya kugonga mfululizo isikikayo wakati wa kukata kona kali, habu zikiwa zimefungwa, aghalabu ni ya sivi iliyochakaa. Kiungo hiki, ambacho asili yake ni uvumbuzi wa mhandisi Alfred Rzeppa wa miaka ya 1920, hutumia gololi sita za chuma ziendazo katika mifereji. Mifereji ikiliwa, gololi hurukaruka, na ndipo mlio hutoka.

Mgongo mmoja mzito usikikao unapotia gia au kuachia klachi mara nyingi ni wa krosi za propela. Krosi ni kiungo cha zamani sana. Kimeitwa kwa jina la Gerolamo Cardano, mwanachuoni wa Italia wa karne ya 16, na katika karne ya 17 Robert Hooke wa Uingereza alieleza tabia yake: krosi ikiwa imepinda, upande mmoja ukizunguka kwa mwendo sawa, wa pili huharakisha na kupunguza mwendo mara mbili katika kila mzunguko. Kwa pembe ya nyuzi 10 tofauti hiyo ni asilimia moja na nusu kwenda juu na kushuka chini. Ndiyo sababu propela huwa na krosi mbili, moja ikisahihisha kosa la mwenzake. Lakini kusahihishana huko hutokea tu ikiwa pacha za pande mbili za propela zimeelekezwa sawa. Fundi aichomoaye propela bila kutia alama, kisha akaichomeka jino moja pembeni, hulitia gari mtetemeko ambao hapo kwanza halikuwa nao. Chaki ya mstari mmoja ingalitosha kumwepusha.

Mkono wa gia urukao kutoka L4 wenyewe, hasa mlimani, huonyesha kwamba meno ya kushikia yameliwa, springi ya kuzuia imelegea, au bushi za mkono na mipira ya kushikia injini imechoka. Anza na vile vilivyo nje, maana ni rahisi kuviona na bei yake ni ndogo.

OILI HUSEMA KWELI

Fungua kizibo cha difu na cha transifa utazame oili. Oili yenye rangi ya maziwa imeingiliwa na maji. Yenye kung'aa vipande vya chuma yaonyesha kwamba meno au beringi zinaliwa. Katika mhimili mzima wa mbele, tazama pia duara la chuma lililo nyuma ya gurudumu. Likilowa mchanganyiko mweusi wa oili na grisi, sili ya ndani ya ekseli imeisha, na oili ya difu inaiosha grisi ya sivi.

Maji huingiaje katika difu iliyofungwa vizuri? Kila difu ina tundu dogo la kupumulia. Gari likienda mwendo mrefu, oili na hewa iliyomo hupata joto. Likiingia mtoni ghafla, hewa ile hupoa na kunywea. Ikiwa hewa imeshuka kutoka nyuzi 80 hadi 25, na tundu limezibwa na tope, kani yake ndani ya difu hupungua kwa karibu asilimia 16. Upungufu huo ni sawa na uzito wa safu ya maji yenye kina cha mita moja na nusu na zaidi, nao hutosha kuyavuta maji ya mto yapite katika sili. Kwa hiyo tundu la kupumulia lisafishwe kila mara, na ni vizuri zaidi kuliunganishia mpira mrefu uishie juu, karibu na injini. Baada ya kuvuka maji ya kina, oili itazamwe siku hiyo hiyo.

MAGARI YASIYO NA HABU ZA MKONO

Baadhi ya pikapu za miaka ya 1980 na 1990 hazihitaji dereva kushuka na kufunga habu. Ndani ya difu ya mbele kuna kifungo kinachosukumwa na nguvu ya ombwe, litokalo kwenye injini au, kwa injini za dizeli, kwenye pampu yake maalumu. Hapo mtuhumiwa wa kwanza ni mipira myembamba ya kupitishia ombwe, ambayo kwa joto na miaka hukauka na kupasuka. Chomoa mpira kwenye difu, washa injini gari likiwa limesimama katika gia huru, weka H4, na uzibe mwisho wa mpira kwa kidole. Usipohisi kuvutwa katika mpira wowote kati ya hiyo iliyopo, fuata njia yake kurudi nyuma hadi utakapopata mahali pavujapo, kisha chunguza vali za umeme na fyuzi zake. Mpira wa bei ndogo umeshasababisha difu nyingi kuhukumiwa bure.

KINGA

Mfumo usiotumiwa huganda. Angalau mara moja kila mwezi, hata wakati wa kiangazi, funga habu, weka H4, na uendeshe kilometa chache katika barabara ya vumbi au changarawe, kisha weka L4 kwa mita chache. Oili itafika katika beringi zilizolala, na viungo vitaendelea kuwa vyepesi. Kila mwaka kabla ya masika, fungua habu, zioshe, na uzipake grisi kidogo tu, kwani grisi nyingi ndiyo ikaukayo na kuzifunga. Tia grisi katika krosi. Tazama oili mbele, kati na nyuma. Kila kipimo na tarehe yake viandikwe katika daftari la gari, ili fundi ajaye asianze gizani.

Pikapu tuliyoanza nayo iliendelea kutumika masika yale yote. Dereva wake alijiwekea desturi: kila asubuhi kabla ya kuondoka huinama mbele ya kila gurudumu la mbele na kukigeuza kigeuzo cha habu kwenda na kurudi, akisikiliza kama kimeshika. Kazi hiyo humchukua muda wa kufunga kamba za viatu. Difu ya zamani, iliyotolewa ikiwa nzima, ingali imelazwa katika ghala la zahanati ikingoja siku itakayohitajiwa kweli.